Joel Selwood: goti bovu, shingo fupi na makombe matatu kabla ya miaka 24

Kuna wachezaji ukiwataja kwenye AFL, ile ligi ya mpira wa Waaustralia wenyewe, ule wenye umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu, kila mtu anatikisa kichwa kwa heshima na mnahamia mada nyingine. Joel Selwood, kiungo wa klabu ya Geelong aliyestaafu 2022, hayumo kwenye kundi hilo. Muulize shabiki wa Geelong, atakwambia yule ndo mwanaume, damu inamchuruzika usoni, kichwa kimefungwa bandeji na bado anaingia kichwa kichwa palipo na mpira. Muulize wa Collingwood au Hawthorn, anakukatisha: yule mwizi wa faulo tu, akikabwa anajilegeza mkono unampanda shingoni, refa anapuliza. Na utakuta wote wawili wanaongelea tukio lile lile la mechi ile ile.

Mimi naona wote wako sahihi, na ukitaka kuelewa inawezekanaje inabidi urudi misimu yake mitano ya kwanza, 2007 mpaka 2011, maana humo ndo jina lake lilijengwa lote, makombe matatu hajafikisha hata miaka 24, tuzo ya chipukizi bora, na hiyo sifa ya ugumu. Watu wanaisimulia kifupi sana, dogo jasiri akaja akabeba ndoo. Wanaruka goti, wanaruka klabu iliyokuwa kwenye wakati mgumu kabla hajafika, na wanaruka sheria moja ya shingo ambayo kwangu mimi ndo utamu wa habari yote.

(Na kama unajiuliza Mswahili anatafuta nini kwenye AFL, Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, na 2021 akaingia kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Kwa hiyo tumo.)

Mchezo wenyewe niuelezee haraka haraka, bila huo hutanielewa huko mbele. Kila timu ina watu 18 uwanjani, uwanja wa mviringo na ni mkubwa kuliko wa soka kwa mbali, urefu unaweza kufika mita 185. Ofsaidi hakuna. Kuna robo nne za dakika 20 lakini saa inasimamishwa simamishwa, hivyo robo moja inaweza kukaribia nusu saa. Kila mwisho wa uwanja una nguzo nne, ukipiga kwa mguu ukapita katikati ya zile mbili ndefu unapata pointi 6, ukipita pembeni pointi 1, ndo maana utaona matokeo yameandikwa 24.19 (163), yaani goli 24, za pembeni 19, jumla pointi 163. Ukikimbia na mpira lazima uudundishe au uugusishe chini kila mita 15. Kumpasia mwenzako kwa mkono huruhusiwi kurusha, unaushika na mkono mmoja unaupiga ngumi na mwingine. Na ukiudaka hewani mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, unapewa nafasi ya kupiga bila mtu kukusogelea.

Sasa viungo. Enzi zake refa alikuwa anaudundisha mpira katikati, warefu wawili wanaruka kuugombea juu, mmoja anaugusa, unadondoka chini, na hapo chini ndo kwenye vita, watu sita saba wameinama, viwiko, magoti, kila mtu anataka aushike yeye. Kuna viungo wanaosubiri pembeni mpira utoke wakimbie nao, wanapendeza kwenye video. Na kuna wale wanaoingia humo humo ndani kuuchimbua. Selwood alikuwa wa ndani.

Ishike na sheria hii. Ukikabwa una mpira na ulikuwa na nafasi ya kuuachia ukazubaa, faulo inaenda kwa aliyekukaba. Ila anayekaba lazima akushike chini ya mabega na juu ya magoti, mkono ukigusa shingo au kichwa, faulo ni yako wewe mwenye mpira. Tutarudi hapo.

Jamaa alizaliwa tarehe 26 Mei 1988, akakulia Bendigo, mji wa dhahabu wa zamani jimbo la Victoria, kama kilomita 150 kutoka Melbourne. Kwao wavulana wanne na wote wanne wakafika AFL, kitu ambacho ukikifikiria kidogo unaona ni cha ajabu. Wakubwa walikuwa mapacha, Adam na Troy, kisha Joel, kisha Scott. Troy alicheza Brisbane, Adam akabeba ubingwa na West Coast 2006. Mapacha hao wote wawili walifariki 2025, wakipishana miezi michache tu, Mungu awapumzishe. Utasikia watu wakisema ugumu wa Joel ulitoka nyumbani kwa kugombania mpira na kaka zake. Labda, sikatai, ila wadogo waliokulia wakidundwa na kaka zao wamejaa kila mtaa duniani na wengi wao hawakufika popote, kwa hiyo hiyo peke yake hainitoshelezi.

Drafti yake ndo inaeleza zaidi. AFL huwezi kwenda na begi la hela ukanunua kinda wa miaka 18, mishahara ya timu ina kikomo na vijana wanagawanywa kwa zamu, timu iliyomaliza mkiani inaanza kuchagua, bingwa anachagua mwisho. Selwood alikuwa anatajwa kati ya vijana bora wa umri wake, halafu goti likaleta shida. Na likaleta shida 2006, msimu ule ule ambao maskauti wanakuja kukaa jukwaani kuamua maisha yako, akakosa sehemu kubwa ya mechi. Jiweke kwenye nafasi ya kiongozi wa klabu, una chaguo moja la juu kwa mwaka, ukikosea unalipia miaka kumi, na mbele yako kuna kijana mzuri sana mwenye goti lenye maswali. Utamchukua?

Timu sita zilisema hapana. Carlton ikaanza na Bryce Gibbs, Essendon ikamchukua Scott Gumbleton, North Melbourne Lachlan Hansen, Brisbane Matthew Leuenberger, Port Adelaide Travis Boak, Hawthorn Mitch Thorp. Geelong namba 7 wakamkuta bado yupo, wakamchukua. Baadaye Gumbleton majeraha yalimla, akaishia mechi 35, Thorp alicheza mechi 2 tu za AFL maisha yake yote. Boak akawa gwiji kwelikweli kwa hiyo Port Adelaide hawana cha kujutia. Ila kuwacheka hao wengine leo ni uonevu, aliyekuwa na goti bovu siku ile alikuwa Selwood, na Gumbleton ndo alionekana salama.

Geelong siku hiyo walifanya na kitu kingine ambacho sijui kama walijua ukubwa wake. Kuna sheria inayoipa klabu upendeleo kwa mtoto wa mchezaji wake wa zamani, na Tom Hawkins, mtoto wa Jack Hawkins aliyewahi kuichezea Geelong, akapatikana kwa chaguo namba 41, bei ya chee kabisa kwa straika mwenye mwili ule. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, klabu nyingine zikaruhusiwa kupandisha dau. Selwood alistaafu na mechi 355, Hawkins 359, wote klabu moja mwanzo hadi mwisho. Mechi 714 kwa mchana mmoja wa kazi.

Hiyo klabu aliyoingia nayo ilikuwa na mambo yake. Geelong ni mji wa bandari kusini magharibi mwa Melbourne, timu ni ya tangu 1859, na ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1963. Msimu wa 2006 walianza kwa kubeba kombe la maandalizi, kila mtu akasema huu ndo mwaka wenyewe, wakaishia nafasi ya 10. Ikafanyika tathmini ya klabu nzima, kocha Mark Thompson akaponea chupuchupu. Akaletwa Neil Balme kusimamia idara ya mpira, Tom Harley akapewa unahodha, na wachezaji viongozi wakaanza kuhukumiana wenyewe kwa wenyewe, mpaka wakamsimamisha Steve Johnson, mmoja wa wenye vipaji vikubwa pale, kwa utovu wa nidhamu nje ya uwanja, akaanza msimu anaangalia wenzake wakicheza.

Hayo nayataja kwa sababu moja. Dogo wa miaka 18 ukimwingiza kwenye timu yenye mastaa wasioguswa, anajifunza haraka nani anaruhusiwa kutegea. Selwood aliingia wiki zile zile ambazo nyota kafungiwa na wenzake. Ujumbe ulikuwa ubaoni.

Akaanza mechi ya kwanza kabisa ya msimu wa 2007, dhidi ya Western Bulldogs, wakapigwa. Baada ya mechi tano Geelong walikuwa wameshinda mbili wamepoteza tatu, ya tatu wakiwa nyumbani kwao wenyewe, dhidi ya North Melbourne, na ule wimbo wa kocha afukuzwe ukaanza tena. Raundi ya sita wakakutana na Richmond. 222 kwa 65. Narudia, mbili mbili mbili kwa sitini na tano, tofauti pointi 157. Kuanzia siku ile wakashinda mechi 15 mfululizo, wakamaliza kileleni, ushindi 18 vipigo 4, nusu fainali wakaponea kwa Collingwood kwa pointi 5 tu, halafu tarehe 29 Septemba 2007 kwenye uwanja wa MCG, mbele ya watu 97,302, wakamkuta Port Adelaide. 163 kwa 44. Pointi 119, hakuna fainali kuu iliyowahi kuwa na pengo kubwa hivyo kabla wala baada. Yule Steve Johnson aliyefungiwa ndo akawa mchezaji bora wa siku. Na Selwood, miaka 19, msimu wa kwanza, medali shingoni, na tuzo ya chipukizi bora wa ligi alikuwa ameshaichukua.

Hapa niseme kitu ambacho mashabiki wake hawapendi. Msimu ule alibebwa kidogo na mazingira. Katikati ya Geelong kulikuwa na Gary Ablett mdogo, Jimmy Bartel aliyeshinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka huo huo, Joel Corey, halafu Cameron Ling ambaye kazi yake ilikuwa kumganda kiungo hatari wa wapinzani. Kocha wa timu pinzani ana mtu mmoja, wawili wakizidi, wa kupeleka kwenye kazi ya kukaba mtu kwa mtu. Unampeleka kwa Ablett au kwa kinda ambaye jina lake ndo unalisoma kwenye karatasi? Kwa hiyo Selwood alipata hewa ambayo angeenda Carlton, timu mbovu kipindi kile, asingeipata. Goti lilimshusha mpaka namba 7 na namba 7 ikamweka sehemu bora kuliko namba 1. Ila hewa hiyo waliipata na wengine pia na hawakuitumia hivyo, hilo lazima nimpe.

Sasa turudi shingoni.

Mpira uko chini. Watu wawili wanaukimbilia kutoka pande mbili. Anayefika kwanza karibu siku zote ni yule anayeinama mapema, anakunja magoti, kiuno kinashuka, mikono inafagia nyasi wakati mwenzake bado yuko wima anapiga hesabu ya kitakachomkuta. Selwood alikuwa anainama mapema kuliko karibu wote. Lakini mtu aliyeinama hivyo, shingo yake iko wapi? Iko pale pale ambapo kifua chake kingekuwa kama angesimama. Mkabaji anakuja mbio, mikono yake inaelekea urefu wa kifua kama alivyofundishwa, inakutana na shingo. Filimbi. Kwenye hatua hii hamna ujanja wowote, sheria imewekwa makusudi kumlinda mtu anayehatarisha kichwa chake kuufuata mpira, na bila sheria hiyo hakuna mwenye akili timamu angeinama.

Hatua ya pili ndo yenye kelele. Selwood keshaunyanyua mpira, keshasimama nusu, mkabaji anamshika vizuri tu, mkono begani au chini kidogo ya bega. Selwood anapandisha mkono wake, kiwiko juu, papo hapo magoti yanalegea kidogo, bega linashuka, na ule mkono wa mkabaji ambao nusu sekunde iliyopita ulikuwa halali unateleza unapanda mpaka shingoni. Filimbi tena. Ukiangalia kwa mwendo wa polepole unaona kabisa inavyofanyika, ukiangalia kwa spidi ya kawaida, ukiwa refa na watu elfu sabini wanapiga kelele, unaona tu mkono shingoni.

Mbwembwe? Ndiyo. Ila jaribu uone, ni ufundi mgumu, unatakiwa ujue mkono unakuja upande gani bila kuuona, uwe na nguvu za miguu za kushuka na kupanda na mtu wa kilo 90 mgongoni, na ukichelewa kidogo umekabwa na mpira mkononi na faulo inaenda kwake. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi, hata refa asipopuliza, mkono ukishateleza mkabaji hana kitu, Selwood ametoka na mpira. Ndo maana nasema mashabiki wa pande zote mbili wako sahihi, ushujaa ulikuwa hatua ya kwanza na ujanja ulikuwa hatua ya pili, na zilifuatana kwa haraka kiasi kwamba kila mtu anachagua ile anayoitaka.

Hata ile bandeji maarufu ni ya kisheria. AFL mchezaji akitoka damu lazima atoke uwanjani mpaka izibwe, haruhusiwi kuendelea inamwagika. Sasa mtu anayeinamisha kichwa kwenye msitu wa magoti atapasuka tu, na njia ya haraka ya kurudi ni kuzungushiwa kitambaa kichwa kizima. Picha zake zote zile unazoziona, kichwa cheupe chenye doa jekundu, ni mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kazini.

Misimu iliyofuata naipitia mbio. 2008 Geelong walishinda mechi 21 kati ya 22, wakaenda fainali kuu na Hawthorn wakiwa na uhakika hadi unaudhi, wakapoteza kwa pointi 26. Walipata nafasi nyingi kuliko wapinzani lakini goli 11 tu na za pembeni 23, nyingine Hawthorn wenyewe wakiupitisha mpira makusudi kwenye mstari wao, bora wampe mtu pointi moja kuliko sita, na mwaka uliofuata ligi ikaiwekea faulo tabia hiyo. 2009 Selwood akaingia kikosi bora cha ligi kwa mara ya kwanza, miaka 21, na Geelong wakamfunga St Kilda fainali kwa pointi 12, mechi ya kukabana mwanzo mwisho ambayo ilimfaa yeye kuliko ile ya 2007. 2010 akawa mchezaji bora wa klabu, ndani ya kikosi chenye Ablett na Bartel, na huo kwangu ndo mwaka ambao ile hoja ya "alibebwa" iliisha nguvu.

Maana mwisho wa 2010 waliomfunika waliondoka. Ablett akaenda Gold Coast, klabu mpya kabisa, Thompson akaacha ukocha akahamia Essendon, na magazeti yakaanza kuandika tanzia za timu. Akaja kocha mgeni Chris Scott, 2011, na Selwood sasa ndo alikuwa wa kukabwa, hakuna Ablett wa kumkimbiza mlinzi upande mwingine. Collingwood mwaka ule walipoteza mechi tatu tu msimu mzima, na zote tatu walifungwa na Geelong, ya mwisho ikiwa fainali kuu kwa pointi 38. Cameron Ling, aliyekuwa nahodha wakati huo, akastaafu na kombe mkononi, na kwa msimu wa 2012 unahodha ukaenda kwa Selwood, miaka 23. Alikaa nao mpaka mwisho, mechi 245 kama nahodha, hakuna mwingine katika historia ya ligi aliyefika hapo.

Kuna jina jingine la kikosi kile sitaki nilipite. Max Rooke, bingwa wa 2007 na 2009, naye alikuwa wa kujitupa bila kuuliza, mashabiki walimpenda kwa kitu kile kile walichompendea Selwood. Machi 2023 Rooke alifungua kesi ya pamoja dhidi ya AFL kwenye mahakama kuu ya Victoria, kwa niaba ya wachezaji waliopata madhara ya kudumu kutokana na kugongwa kichwa. Mimi bado naangalia zile video za Selwood na damu usoni na bado nasisimka, ila siku hizi nasisimka na kitu kinanikwaruza hapo hapo.

Sheria ya shingo nayo ilikuja kubanwa. Katikati ya msimu wa 2022 AFL ilitoa ufafanuzi kwamba mwenye mpira akisababisha mwenyewe mkono upande, kwa kuinua bega, kulegeza magoti au kujiinamisha, hapewi faulo, mchezo unaendelea. Aliyekuwa kwenye moto wa mjadala huo alikuwa Jack Ginnivan, kinda wa miaka 19 wa Collingwood, alizomewa viwanja vyote na marefa wakaacha kumpulizia. Miezi miwili hivi baadaye Selwood, miaka 34, akabeba kombe lake la nne kwa kumfunga Sydney pointi 81, akatangaza kustaafu siku chache mbele, na nchi nzima ikampigia makofi, hata wale wa Collingwood.